Siyo maiki, ni viti

Wapenzi wa jazi ile ya taratibu, piano, besi kubwa ya mbao, dramu zinazopapaswa na brashi, labda na saksofoni moja isiyo na haraka, wakishaanza kuongelea albamu zilizorekodiwa kwa maiki mbili tatu tu, dakika kumi haziishi mazungumzo yameshahamia kwenye vyombo vya kurekodia. Ilikuwa maiki ya Neumann ya aina gani, ya valvu au siyo ya valvu, tepu ilikuwa inakimbia spidi gani, waya ulikuwa mrefu kiasi gani. Nimekaa kwenye mabishano hayo kwa miaka na mengine nimeyaanzisha mwenyewe, kwa hiyo simcheki mtu. Ila siku hizi nimefika mahali naona tunaibebesha maiki sifa ambazo siyo zake. Ule utulivu tunaoupenda, ile hali ya kuona kama watu wanne wamekaa mbele yako na hakuna anayegombania nafasi, kwa maoni yangu umetokana na kila mtu alikaa wapi na jinsi walivyolazimika kusikilizana, na kikubwa ambacho maiki ilifanya ni kutowasaidia. Narudia, kutowasaidia. Hiyo ndo kazi yake.

Fikiria studio ya kawaida. Kila chombo kina maiki yake, dramu peke yake inaweza kumeza maiki nane na bado fundi akatafuta ya tisa, kila maiki inaingia kwenye treki yake, mpiga dramu yuko kwenye kibanda cha vioo, mpiga besi yuko kwenye kona nyingine, wanasikiana kwa hedifoni. Besi ikiwa ndogo unapandisha kitelezi chake cha sauti kwenye miksa. Noti imekosewa unarudia kipande hichohicho unakibandika. Balansi ya mwisho anaitengeneza mtu ambaye hakupiga hata noti moja, wiki mbili baadaye, huku waliopiga wako kwenye shughuli zao. Siyo dhambi, albamu kibao nazozipenda zimetengenezwa hivyo. Sasa ondoa vyote hivyo weka maiki mbili mbele ya bendi. Kitelezi cha besi hakipo tena. Ukipandisha besi umepandisha kila kitu mpaka kikohozi cha mpiga piano. Mtu akizidi sauti dawa ni mbili tu, ama asogee nyuma ama apunguze mwenyewe, na akikosea noti mnarudia wimbo mzima au mnaiacha noti ikae humo milele.

Na jambo hili ni la zamani, lilikuwepo hata kabla maiki hazijaingia studio. Mwaka 1923 bendi ya King Oliver iliingia studio ya Gennett kule Richmond, Indiana, na wakati huo kurekodi kwa umeme kulikuwa bado (kulikuja 1925), kwa hiyo kilichokuwepo ni pembe kubwa, bendi nzima inaipigia hiyo pembe na nguvu ya sauti yenyewe ndo inasukuma sindano inayochora kwenye nta. Louis Armstrong alikuwa kijana tu humo, anapiga korneti ya pili, na mlio wake ulikuwa unamfunika bosi wake. Wangefanyaje? Wakamrudisha nyuma, mbali na wenzake. Baby Dodds naye hakuweza kutumia dramu kubwa maana mdundo wake ungeirusha sindano, ndo maana unamsikia anagonga vibao vya mbao. Reli ilikuwa jirani na studio, treni ikipita kazi inasimama. Basi hiyo ndo ilikuwa miksi: mtu, hatua kadhaa, na ukuta. Anayerekodi kwa jozi moja ya maiki leo anafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba yeye ameamua kwa hiari na wale hawakuwa na la kuchagua.

Hapa kwenye besi nataka nikae kidogo maana ndipo penyewe.

Kwenye bendi ya jazi isiyo na amplifaya mnyonge wa wote ni besi ya kusimama. Ina umbo la kabati lakini sauti yake haifiki mbali, uzi unavutwa kwa kidole, noti inatoka, inanenepa kidogo, inayeyuka. Fimbo moja ya dramu kwenye toazi inaifunika yote. Tarumbeta ndo usiseme. Ukiwa na maiki nyingi unaibandika besi maiki yake sentimita chache kutoka kwenye mwili wake, habari imeisha. Ukiwa na jozi moja iliyosimama mita mbili mbele ya bendi, ghafla besi ndo inakuwa mwenyekiti wa kikao, kila mtu inabidi ashuke mpaka besi isikike. Mpiga dramu anaweka fimbo chini anachukua brashi. Mpiga piano anapunguza mkono wa kushoto kwa sababu mkono huo unafanya kazi palepale besi inapofanyia. Saksofoni inapulizwa kwa nusu ya pumzi, ile unasikia hewa kwanza ndo noti inafuata. Tempo nayo inaanza kushuka bila hata kuambiwa, maana kupiga kwa kasi huku umeishika sauti chini ni kazi ngumu hata kwa waliobobea, mikono inataka kupaa. Ukija kushtuka balansi imekaa sawa na bendi inapiga baladi. Kwa hiyo ule utulivu ambao watu wanauita wa kiroho, nusu yake ni fizikia, njia yenyewe inachuja, nyimbo zenye kelele zinakataa kuingia humo zenyewe.

Halafu kuna suala la umbali, ambalo watu wanadhani ni la kupunguza sauti tu. Mahali pa wazi, kila ukiuongeza umbali mara mbili sauti inashuka desibeli kama 6. Ndani ya chumba ile sauti inayokuja moja kwa moja inashuka vilevile, ila mwangwi wa kuta unabaki karibu uleule kila kona, maana yake ukimrudisha mtu nyuma hujampunguza tu, umemzamisha kwenye chumba. Hatua moja nyuma, saksofoni inapata hewa. Hatua tatu, inasikika kama iko nyumba ya pili. Kitelezi cha miksa hakiwezi kufanya hivyo, chenyewe kinapunguza tu. Ndo maana kwenye albamu nzuri za namna hii unajua nani yuko mbele na nani yuko nyuma hata ukiwa umefumba macho, na hujui umejuaje.

Niliwahi kujaribu mwenyewe, kwa njia ya kimaskini kabisa. Simu moja juu ya rundo la vitabu, rafiki yangu mmoja na gitaa la nyuzi za nailoni, mwingine anaimba, wa tatu anagonga boksi kwa vidole. Tukarekodi, tukasikiliza, boksi limejaa kila mahali na gitaa liko mbali kama limefungiwa stoo. Mwenye gitaa akaniambia nipandishe kidogo bwana. Nikamwonyesha simu, nikamwambia nikupandishe na nini? Akacheka, akavuta kiti chake mbele kama mkono mmoja hivi. Tukarudia, boksi bado. Tukampeleka mwenye boksi nyuma ya kochi, kweli kabisa nyuma ya kochi, tukamtupia na blanketi juu ya boksi lake. Mara ya tano ndo ikakaa. Na kilichonishangaza hakikuwa ubora wa sauti, simu ni simu tu, ni kwamba mwimbaji alikuwa ameanza kuimba chini chini bila kuambiwa na yeyote, kwa sababu sasa gitaa liko karibu na goti lake na asiposhuka halisikii. Hao watu nimewasikia mara nyingi kila mmoja akiwa na maiki yake mdomoni. Hawajawahi kupiga vizuri vile.

Kwa nini basi maiki mbili na siyo moja, hilo lina jibu fupi, sterio, kushoto na kulia. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI kule Uingereza, aliomba hataza ya mfumo wake wa sterio Desemba 1931, na njia inayobeba jina lake mpaka leo inaweka maiki mbili mahali pamoja zikiwa zimepishana kwa digrii 90, kila moja inasikia mbele na nyuma, kwa hiyo na chumba kinaingia. Redio ya Ufaransa baadaye ikaja na ya kwao, ORTF, maiki zimeachana sentimita 17 na zimefunguka digrii 110, na hizo sentimita 17 hazikuokotwa tu, ndo karibu umbali wa sikio hadi sikio. Kuna na faida nyingine ambayo haiongelewi sana. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, maana yake dramu iliyo mita 3.4 kutoka kwenye maiki ya besi inafika hapo baada ya milisekunde 10, wakati maiki ya dramu yenyewe imeshaipata zamani. Ukizichanganya zote una dramu ileile mara mbili, moja imechelewa, masafa mengine yanaongezana na mengine yanauana, toazi linaanza kusikika kama liko ndani ya bomba. Mafundi wazuri wanajua kupambana na hilo kwa kupanga umbali, lakini jozi moja iliyokaa pamoja haikaribishi hilo tatizo tangu mwanzo, kila chombo kimepita mlango mmoja mara moja tu.

Haya, tuje kwenye albamu ambayo najua mtu ameshaishika mkononi ananisubiri nayo, Jazz at the Pawnshop. Ilirekodiwa tarehe 6 na 7 Desemba 1976 Stampen, klabu moja ya Stockholm ambayo kabla ya hapo palikuwa duka la rehani, ndo jina lilipotokea. Arne Domnérus kwenye saksofoni na klarineti, Bengt Hallberg piano, Georg Riedel besi, Egil Johansen dramu, na Lars Erstrand na vibrafoni yake. Fundi Gert Palmcrantz alisimamisha jozi ya Neumann U 47 mbele ya bendi, akaongeza nyingine chache za kusaidia, akarekodi kwenye mashine za Nagra, zile za kubebeka kutoka Uswisi. Miaka karibu 50 wauzaji wa spika wanaipiga ili mteja afungue pochi. Muulize mdau wa hai-fai kwa nini inasikika vile, atakutajia U 47, atakutajia Nagra, akizidiwa atakutajia na mbao za ukuta. Hamna anayeanza na kwamba Domnérus, Hallberg na Riedel walikuwa wanapiga pamoja tangu miaka ya 1950. Watu waliozoeana kiasi hicho hawahitaji mtu wa kuwapandisha na kuwashusha. Sikiliza Domnérus anapomaliza zamu yake, hakati, anajipunguza, anamwachia Hallberg mlango wazi, na Johansen anakuwa ameshahama toazi kabla piano haijaingia. Hiyo miksi imefanyika vichwani mwao.

Na glasi zinagongana humo, watu wanapiga stori, mimi nakiri bila aibu nimeshawahi kugeuka nyuma nikidhani kuna mtu kaingia chumbani. Muziki wenyewe tuseme ukweli hauleti jipya, ni swingi za kawaida zilizopigwa na watu wazima wanaojua kazi yao. Unatosha. Ila mtu akiniambia hiyo ndo albamu bora ya jazi kuwahi kurekodiwa huwa najua nimekutana na mtu wa spika.

Mimi nikitaka kumwonyesha mtu ninachokisema hapa simpi hiyo. Nampa mpiga piano Bill Evans, klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961. Hii haiingii vizuri kwenye dini ya maiki mbili, lakini ilinaswa klabuni moja kwa moja kwenye mashine ya njia mbili, mwisho wa habari, hakuna kurudi studio kurekebisha. Seti tano kwa siku moja, mbili mchana na tatu usiku. Kuna kipande kabisa cha wimbo ambapo umeme ulikatika na tepu ikapotea kwa muda, na kwenye toleo kamili lililotoka 2005 wamekiacha kilivyo. Watu wa klabu wanaongea, wanacheka, wengine ni wazi hawasikilizi chochote, na katikati ya hiyo kelele ya kawaida Evans, Scott LaFaro na Paul Motian wanapiga kama watu wanaonong'onezana. LaFaro hashiki besi kama mlinzi wa lango, anaongea na piano, anaikatiza, anaimalizia sentensi. Hilo linawezekana tu kama wawili wengine wamemwachia nafasi, Motian kwenye brashi zake na Evans akiwa hagusi kabisa noti za chini kwa muda mrefu. Siku 11 baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro alifariki kwenye ajali ya gari, ana miaka 25. Ukishalijua hilo ni vigumu kuisikiliza kama zamani, ila jaribu kwanza kuisikiliza bila hilo, maana besi yake haihitaji huruma.

Na kwa wale wa chombo kwanza, kuna kesi moja nawapaga na huwa haina jibu zuri. Köln, Ujerumani, 24 Januari 1975, mpiga piano Keith Jarrett peke yake. Fundi Martin Wieland, maiki mbili za Neumann U 67, kwa hiyo kwenye maiki hakuna malalamiko. Piano je? Piano ilikuwa ya matatizo, siyo ile aliyoomba, ndogo, juu inalia kibati, chini haina nguvu. Kama ubora wa chombo ndo kila kitu ile rekodi ingekuwa kichekesho. Badala yake imeuza mamilioni ya nakala. Jarrett alikimbilia katikati ya kinanda kwa sababu ndo palikuwa pazima, akakaa hapo, mkono wa kushoto ukawa unarudia mafungu yaleyale mpaka yakageuka kuwa kama usingizi wa kuamka. Maiki mbili zilirekodi mtu akiizoea piano mbovu. Ingekuwa nzuri tungepata albamu nyingine kabisa, labda nzuri zaidi, labda ya kawaida tu.

Lakini nisijifanye hii njia haina aibu zake, maana wapo wanaoisema kana kwamba ni usafi wa moyo. Massey Hall, Toronto, 15 Mei 1953, jukwaani wako Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach, yaani orodha ambayo huiamini ukiisoma. Tepu ikasikilizwa baadaye, besi haipo, au ipo kwa kubahatisha. Mingus akaichukua akaenda New York akapiga besi upya juu yake. Usiku mmoja, watu watano, na mmoja wao akarudi kujiongeza mwenyewe! Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi nimepiga na Parker nisisikike ningerudi na besi mbili. Lakini angalia ilikuwa ni nini, watano wa moto, kila mtu anapiga kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyekuwa anaisubiri besi. Njia ya kurekodi kirahisi ikakutana na bendi isiyotaka kushuka, ikashindwa. Maiki haiwezi kuwashusha watu, wanashuka wenyewe.

Na ile ya Cowboy Junkies, The Trinity Session, siyo jazi najua, ila kila mtu wa maiki chache anaitaja kwa hiyo niiguse. Novemba 27, 1987, kanisani Toronto pia, maiki moja ya Calrec imezungukwa na bendi. Wanapenda kuisimulia kama muujiza wa maiki moja. Kinachorukwa ni kwamba muda mwingi uliishia kwenye kumhamisha huyu huku na yule kule, na sauti ya Margo Timmins haikukaa mpaka ilipopitishwa kwenye spika. Mwimbaji alikuwa ni spika. Kwangu hilo haliiharibu albamu, linaonyesha tu kwamba hata wao walikuwa wanacheza mchezo wa viti, na spika ikapewa kiti.

Kuna pingamizi moja ambalo nalipa heshima, nalo ni Rudy Van Gelder. Huyu bwana mchana alikuwa anapima watu macho, muda mwingine anarekodi jazi sebuleni kwa wazazi wake kule Hackensack, New Jersey, mpaka 1959 alipojenga studio yake Englewood Cliffs. Na alisogeza maiki karibu na chombo, karibu sana, hakutaka mambo ya jozi moja katikati ya chumba. Sasa kama nadharia yangu ni kweli mbona rekodi zake nyingi tulivu zina ule ukaribu na ule upole? Nadhani jibu liko sebuleni. Maiki zilikuwa karibu lakini na watu pia walikuwa karibu, chumba kimoja, wanaonana macho, na kilichokuwa kinaingia kwenye tepu kilikuwa kimeshamiksiwa palepale, hakuna treki 24 za kuja kuchambua baadaye. Idadi ya maiki siyo sheria. Sheria ni kama bendi inajua kwamba inachopiga sasa hivi ndicho kitakachobaki. Pierre Sprey wa lebo ya Mapleshade, mtu aliyetoka kwenye uchambuzi wa silaha Pentagon akaja kurekodi jazi na bluzi (maisha yana njia zake), aliondoa miksa kabisa kwenye rekodi zake, na nikimsikiliza naona hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, hata kama wateja wake walikuja kwa ajili ya nyaya.

Ninachoshindwa kuvumilia ni aina moja ya albamu, siitaji, mkizisikia mtazijua. Kanisa zuri, maiki mbili za bei ya gari, wanamuziki wa kukodi waliokutana asubuhi hiyohiyo, nyimbo kumi zinazojulikana na kila mtu. Unasikia kidole kinavyoteleza kwenye uzi, unasikia mbao za sakafu, unasikia kila kitu isipokuwa sababu ya wao kuwa pale. Wametulia kwa sababu wanaogopa kuharibu. Utulivu wa mgeni anayekaa pembeni ya kochi asiguse kitu. Ukiusikia mara moja unautambua maisha yako yote, na unatofautiana kabisa na ule wa Evans na LaFaro ambao umekaa chini lakini umejaa ubishi. Nimenunua albamu za namna hiyo nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na zote nimezisikiliza mara mbili, mara ya kwanza kushangaa na mara ya pili kuhakikisha.

Kwa upande wetu wasikilizaji kuna mambo machache tunayaharibu kwa mikono yetu. La kwanza sauti. Watu wanapandisha mno. Bendi iliyopiga chini ili besi isikike ukiipandisha juu kuliko ilivyokuwa chumbani, brashi zinageuka kuwa mvua ya mawe na besi inavimba, halafu mtu analalamika rekodi ina chini nyingi. Shusha mpaka uone kama ungekuwa chumba kimoja na hao watu ungeweza kumwambia jirani neno bila kupiga kelele. Saa nne usiku, nyumba imelala, hapo ndo inakaa penyewe.

Hedifoni ni hadithi nyingine. Jozi ya kawaida imepangwa ili sauti itoke kwenye spika mbili mbele yako na kila sikio lisikie spika zote mbili. Ukivaa hedifoni sikio la kushoto linasikia kushoto tu, jukwaa linaingia ndani ya kichwa, saksofoni inakaa nyuma ya pua. Zipo zilizorekodiwa kwa kichwa cha bandia chenye maiki masikioni, hizo ndo za hedifoni na zinashangaza kweli, ila zipige kwenye spika uone zinavyolegea. Kila moja na mlango wake.

Na kiti chako. Pembetatu ile, spika mbili na wewe, umbali sawa pande zote, kila mtu anaijua na karibu kila mtu ameiweka kwa makadirio ya macho. Mimi nilifanya hivyo miaka kadhaa, siku moja nikachukua futi kamba nikakuta niko sentimita 20 karibu zaidi na spika ya kulia. Sentimita 20 ni zaidi ya nusu milisekunde, na kwa kupima sauti imetoka upande gani sikio linafanya kazi na tofauti ndogo kuliko hizo. Nikasogeza kiti. LaFaro, ambaye muda wote huo nilidhani amesimama nusu ndani ya piano, akatoka akasimama peke yake. Nikachora chaki sakafuni kila mguu wa kiti unapokaa. Kila wiki inafutwa wakati wa kufagia, kila wiki naichora upya, na anayefagia ameshaacha kuuliza.